Uzoefu wangu wa kutumia SoapUI katika kampuni ya utalii Arusha

Katika kampuni ya utalii ninakofanya kazi, jijini Arusha, ninasimamia mawasiliano kati ya programu mbili: inayopokea nafasi za safari za Serengeti na Ngorongoro, na ya uhasibu inayotoa ankara. Zamani wahasibu walinakili taarifa za kila safari kwa mkono kutoka programu moja hadi nyingine, na msimu wa wageni ulipopamba moto kazi hiyo iliwakesha. Sasa programu hizo hupelekeana taarifa zenyewe kwa huduma ya wavuti ya SOAP, yaani utaratibu wa programu kupelekeana ujumbe ulioandikwa kwa XML, maandishi yenye alama zinazotaja kila taarifa ni ya nini; nami huikagua huduma hiyo kwa SoapUI, programu huria isiyolipiwa.

Huduma nyingi mpya hutumia REST na JSON, mtindo mwingine wa programu kuwasiliana, lakini programu yetu ya uhasibu inatoa SOAP tu, na kwa kazi ya fedha sioni hasara. Waraka wa WSDL unaeleza kila operesheni, yaani kila kazi ambayo huduma inaweza kuombwa ifanye, kila sehemu ya ujumbe na aina ya data inayotakiwa, hivyo pande zote mbili zinajua mapema zimekubaliana nini. Ukiipa SoapUI anwani ya waraka huo, inakutengenezea mfano wa ombi kwa kila operesheni; unajaza namba ya safari, tarehe na kiasi, unatuma, kisha unasoma jibu pembeni mwa ombi.

Kilichonifaa mapema ni uwezo wake wa kulinganisha ujumbe na skima, yaani kanuni za muundo wa ujumbe na aina za data zake. Tarehe 03/07 kwetu ni tarehe tatu Julai, ilhali kwa mgeni wa Marekani ni tarehe saba Machi. Aina ya tarehe ya XML haina utata huo, kwani hutaka mwaka kwanza, kisha mwezi, kisha siku, yaani 2024-07-03, na ujumbe unaokwenda kinyume unaonekana kabla haujageuka ankara ya mwezi usio wake.

Ujumbe wa makosa ndio unaohitaji utulivu mkubwa zaidi, na hapa ndipo SoapUI ilipostahili sifa zangu. Katika SOAP 1.1 kosa hurudi na namba 500 ya HTTP, utaratibu wa kusafirisha taarifa kwenye wavuti, lakini namba hiyo peke yake haikuambii ufanye nini. Lazima ufungue ujumbe na kusoma msimbo wa kosa. Msimbo ukiwa Client, ombi lenyewe lina kasoro, na kulituma tena vilevile ni kazi bure. Msimbo ukiwa Server, shida iko upande wa seva, na huenda ombi likapokelewa baadaye. Iko hali nyingine, ambayo naiona ya hatari kuliko zote: ombi limefika, ankara imetolewa, lakini mtandao unakatika kabla jibu halijarudi. Programu inayotuma tena bila tahadhari itatoa ankara mbili kwa safari moja. Kwa hiyo tuliwaomba watengenezaji wa programu ya uhasibu waifanye namba ya safari kuwa kitambulisho kisichorudiwa, nami nikalipima hilo kwa kutuma ombi lilelile mfululizo; jibu la pili lilileta namba ya ankara ileile ya kwanza, na hapo ndipo nilipokubali huduma ianze kutumika.

SoapUI pia inaweza kuigiza seva ndani ya kompyuta yako na kutoa majibu uliyoyaandika mwenyewe, yakiwemo ya makosa. Ninaithamini sana sehemu hii, kwa sababu inaniwezesha kujaribu bila intaneti na bila kugusa vitabu halisi vya kampuni.

Kwa kuwa SoapUI imejengwa kwa lugha ya programu ya Java, kompyuta yenye kumbukumbu ndogo itauhisi uzito wake, na mtu mgeni atahitaji muda kuyazoea madirisha yake mengi. Jambo la kuzingatia zaidi ni usalama: faili la mradi ni XML ya kawaida, na usipolisimba kwa nenosiri, mtu yeyote atakayelipata anaweza kusoma nywila zilizomo. Ofisini kwetu faili hilo halitumwi kwa barua pepe, na nywila za seva halisi haziwekwi humo kabisa.