Uzoefu wangu: gereji ya Shimanzi iliyoitayarisha pikapu yangu kuvuta trela la farasi hadi Wundanyi

Nina farasi wawili wanaopandwa na watalii katika ufuo wa Nyali, Mombasa, na kaskazi inapokolea na joto lake huwapeleka Wundanyi, kwenye shamba la shemeji yangu, wakapumzike penye baridi. Safari hiyo huanzia usawa wa bahari, hupita miji ya Mariakani, Mackinnon Road na Voi, hukata kushoto kuelekea Mwatate, kisha hupanda Milima ya Taita kwa kona kali mpaka kimo cha mita 1,400 hivi. Kabla ya msimu uliopita niliikabidhi pikapu yangu, Toyota Hilux ya dizeli yenye injini ya lita 2.8 na gia za mkono, pamoja na trela lenyewe, kwa gereji moja ya Shimanzi.

Fundi mkuu, mtu mzima wa makamo asiyependa maneno mengi, alianza kwa kuniuliza uzito wa kila kitu. Trela tupu lina takriban kilo 900, kila farasi anakaribia kilo 500, na ukiongeza nyasi na madumu ya maji unafika kilo 2,000. Hilux ya aina yangu inaruhusiwa kuvuta kilo 3,500 ikiwa trela lina breki zake, na kilo 750 tu ikiwa halina. Akanionyesha maana ya hesabu hiyo: breki za trela zikifa, hata likiwa tupu limekwisha kupita kiwango. Nilipomuuliza kama injini itahimili mlima, alinijibu, "Mzee wangu, kupanda hakuna neno, ikichoka itapanda polepole. Mimi nashughulikia kushuka."

Kazi ya chuma waliifanya vizuri mno. Chuma cha kuvutia trela walikifunga kwa bolti kwenye chesi yenyewe, tofauti na wale wanaochomelea kwenye bampa na kupaka rangi juu, na tufe la chuma la kuunganishia walilolifunga ni la milimita 50, sawasawa na kichwa cha trela langu kinacholishika. Kwa kuwa takriban sehemu moja ya kumi ya uzito wa trela hulalia nyuma ya pikapu, waliongeza jani moja la springi kila upande, wakapima kimo cha matao ya magurudumu kabla na baada ya kuunganisha.

Kwenye rejeta walikuta vumbi na chumvi vimegandamana kati yake na kondensa ya kiyoyozi, mahali ambapo mpira wa maji wa kuoshea gari haufiki. Walitoa pia maji yaliyokuwamo, yenye rangi ya chai, wakaweka kipozeo halisi, yaani maji maalumu ya kupozea injini, na mfuniko mpya wa rejeta. Visima vingi vya Mombasa vina maji ya chumvi, na madereva wetu wanayamimina bila kufikiri. Mimi naona rejeta nyingi za mji huu zinakufa kwa sababu hiyo kuliko kwa uzee.

Pesa nyingi, hata hivyo, zilikwenda kwenye breki, na sizijutii. Mafuta ya breki hunyonya unyevu kutoka hewani, na unyevu ndio kitu ambacho pwani yetu haikukosa. Mafuta mapya ya kiwango cha DOT 4 hayapaswi kuchemka chini ya nyuzi 230 za Selsiasi, lakini yakishanyonya maji kiwango hicho cha chini hushuka hadi nyuzi 155, na mteremko mrefu wenye mzigo unaweza kuyafikisha huko. Yakichemka, pedali huzama mpaka sakafuni na gari haliitiki. Walibadilisha yote, pamoja na pedi za mbele. Trela langu nalo lina breki za kusukumwa: pikapu inapopunguza mwendo, trela huisukuma kwa nyuma, kichwa cha kuunganishia kikarudi ndani na kuvuta kebo zinazobana breki za magurudumu. Katika mteremko trela husukuma wakati wote, kwa hiyo ngoma za breki hazipati nafasi ya kupoa. Waliweka viatu vipya vya breki na kuzipaka grisi beringi.

Jambo ambalo sikuliomba, na ambalo limenifanya niwaheshimu, ni sakafu ya trela. Fundi aliinua zulia la mpira akaanza kuzichoma mbao kwa bisibisi, moja baada ya nyingine, na karibu na mlango wa nyuma bisibisi ikazama mpaka kwenye mpini. Mkojo wa farasi ulikuwa umeuoza ubao ule kwa chini huku juu ukionekana mzima. Wakaubadilisha kwa mvule.

Kasoro zipo. Nyaya za taa walizifunga kwa utepe peke yake, na taa ya ishara ya kushoto ilizima kabla hatujafika Maungu. Kubwa zaidi, tulipomaliza kushuka kutoka Wundanyi nilisimama Mwatate, nikasogeza mgongo wa mkono karibu na magurudumu ya trela: la kulia lilikuwa likitoa joto la kutisha, la kushoto vuguvugu tu. Breki ya kushoto haikuwa ikifanya kazi, na ya kulia ilikuwa ikibeba mzigo wa zote mbili, ingawa nilishuka kwa gia ya pili na kukanyaga breki kwa vipindi vifupi. Niliporudi, kijana wa mapokezi alitaka kuniambia kuwa ni uendeshaji wangu; fundi mkuu alimnyamazisha, akaingia chini ya trela, akaona kebo ya kushoto haikukazwa, akairekebisha bila malipo.

Bei yao ilizidi ya gereji nyingine nilizouliza, lakini nitawarudia kwa breki, springi na rejeta. Taa nitampelekea fundi wa umeme. Atakayewatumia asiondoke kabla ya kuomba trela liinuliwe kwa jeki na kila gurudumu lizungushwe kwa mkono huku breki ya mkono ya trela ikivutwa pole pole, aone kama yote mawili yanashika kwa pamoja. Ijumaa asiende mchana, kwani hufunga kwa sala na hurudi kazini saa nane.