Kimashine cha umeme na mguu wangu wa kushoto: uzoefu wangu wa miezi minne

Nianze na chafya, maana hapo ndipo yote yalipoanzia. Nilikuwa nimeinama nafunga kamba za viatu, chafya ikanijia, na kabla haijaisha kuna kitu kama waya wa moto kilishuka kutoka tako la kushoto, kikapita nyuma ya paja, kikazunguka upande wa nje wa shavu la mguu hadi kwenye kidole gumba. Nilibaki pale pale nimeinama, mkono mmoja kwenye ukingo wa kitanda, kiatu kimoja kimefungwa na kingine bado.

Kila niliyemsimulia alisema "mgongo huo". Ajabu ni kwamba mgongo wenyewe haukuniuma sana. Ulikuwa mguu. Nikikaa, mguu unawaka. Nikikohoa, unapigwa shoti. Usiku sipati upande wa kulalia. Na kile kidole gumba kilikuwa kama si changu: nikikigusa nahisi kama nagusa kupitia soksi nene.

Daktari alinilaza chali, akaninyoosha goti, akaanza kuuinua mguu taratibu. Haukufika hata nusu ya njia nikamwambia aache. Akanitembeza kwa visigino, kisha kwa ncha za vidole, akaniambia nikikunje kidole gumba kwenda juu huku yeye akikigandamiza kwa dole lake. Akasema ni siatika, na kwamba hilo ni jina la maumivu tu. Kinachoyaleta mara nyingi ni diski iliyopo kati ya pingili za kiunoni kutokeza na kuibana au kuiudhi mizizi ya neva. Neva yenyewe, ya siatiki, ndiyo ndefu na nene kuliko zote mwilini. Mizizi yake inatoka sehemu ya chini ya uti wa mgongo, inakusanyika, inapita ndani ya tako na kushuka mguuni. Ndiyo maana kosa likiwa kiunoni, kilio kinasikika kidoleni.

Nilitaka kipimo cha MRI siku ile ile. Akakataa kwa upole, nami nikaudhika. Baadaye nilimwelewa. Kuna utafiti wa Marekani uliochapishwa mwaka 1994 ambapo watu 98 wasio na maumivu yoyote ya mgongo walipigwa MRI, na zaidi ya nusu wakakutwa na diski iliyovimba walau sehemu moja. Ningepata picha ya kutisha na dawa zile zile.

Dawa nitazipitia haraka. Za kawaida za kutuliza zilisaidia kidogo. Kisha nikaandikiwa pregabalini, dawa ya maumivu ya neva ambayo watu wengi wenye siatika wanaijua. Kwangu ilileta kizunguzungu na usingizi wa mchana, mguu ukabaki kama ulivyo. Nilikuja kusoma kwamba mwaka 2017 watafiti wa Australia waliijaribu kwa wagonjwa 209 wa siatika, na wiki ya 8 ilipofika waliomeza dawa hawakuwa na nafuu zaidi ya waliomeza vidonge vitupu, ila kizunguzungu walikipata wao zaidi. Sisemi mtu aitupe kesho. Dawa hii hupunguzwa polepole, na daktari akijua. Mimi nilirudi kwake tukaiacha kwa hatua.

Ndipo nikanunua kimashine cha TENS. Kwa asiyekijua: ni kiboksi cha kukaa kiganjani, chenye nyaya mbili zinazogawanyika kufikia vibandiko vinne vyenye gundi. Unabandika kwenye ngozi, unawasha, unapandisha nguvu kidogo kidogo hadi uhisi mchomochomo kama wa mguu uliokaliwa vibaya ukianza kupata damu. Wazo la kutumia umeme kwa maumivu ni la kale mno. Tabibu mmoja wa Roma, Scribonius Largus, aliwasimamisha wagonjwa wa jongo juu ya samaki wa umeme karibu miaka 2,000 iliyopita, mpaka miguu ife ganzi. Maelezo ya kisasa yalikuja mwaka 1965, watafiti Melzack na Wall walipoeleza kwamba kwenye uti wa mgongo kuna kitu kama lango: hisia za mguso zikijaa langoni, za maumivu zinapata taabu kupenya. Nadhani kila mama anayempuliza na kumsugua mtoto aliyejigonga alilijua hilo bila kuandika makala.

Siku ya kwanza nilikosea. Kwa kuwa maumivu yalikuwa kwenye shavu la mguu, nikabandika pale pale penye ganzi. Sikuhisi kitu, nikapandisha. Sikuhisi, nikapandisha tena. Nilipobandua, ngozi ilikuwa na miraba miwili myekundu iliyokaa hadi kesho yake. Ngozi iliyokufa ganzi haiwezi kukuambia imetosha, basi usiiwekee umeme. Kijitabu kilikuwa na onyo hilo ukurasa wa mwisho, kwa herufi za sisimizi. Maonyo mengine ni haya ya kawaida lakini mazito: mwenye kifaa cha kurekebisha mapigo ya moyo asikiguse, kisiwekwe mbele ya shingo wala kifuani, na mjamzito au mwenye kifafa amwone mtaalamu kwanza.

Nilipohamishia vibandiko kiunoni, pembeni mwa uti wa mgongo, na juu ya tako, mambo yakabadilika. Maumivu hayakuondoka, yalisogea nyuma, kama redio ya jirani anapofunga dirisha. Nikizima, baada ya dakika chache dirisha linafunguka tena. Kwa wiki mbili nikawa navaa jioni nzima nimejilaza kwenye kochi, nikijiambia najitibu.

Mtaalamu wa mazoezi ya viungo ndiye aliyenivua ujinga. Nilimwonyesha kimashine kwa fahari. Akakigeuza, akanirudishia, akasema, "Kaka, hiki hakina kosa. Kosa ni kukivaa ukiwa umelala."

Akanitaka nikiwashe, nikibane kwenye mkanda wa suruali, tutembee kwenye korido. Bila hicho nilikuwa sifiki dakika 4 bila kusimama na kushika ukuta. Nacho nilifika 9. Hapo ndipo nilipoelewa nilichokuwa nimenunua. Tangu siku ile sikukivaa tena kwenye kochi: kikiwa kimewashwa, niko miguuni.

Alinifundisha na mambo mawili mengine. La kwanza, kulala kifudifudi na kujiinua juu ya viwiko, pumzi kadhaa, kushuka, kurudia. Siku ya tatu maumivu yaliondoka kidoleni, yakaishia gotini. Wiki iliyofuata yakaishia kwenye tako, huku kiuno kikiuma zaidi kuliko mwanzo. Nilishtuka. Yeye akafurahi, akasema maumivu yanayopanda kurudi kiunoni ni habari njema hata yakiuma zaidi huko juu, yanayoshuka mguuni ndiyo ya kuogopa. Akanisimulia kuhusu Robin McKenzie, mtaalamu wa New Zealand, ambaye mwaka 1956 mgonjwa wake alilala kifudifudi kwa bahati mbaya kwenye kitanda kilichoinuliwa kichwani, akamkuta mguu umeacha kuuma. Lakini si kila mgongo unapenda kukunjwa kwenda nyuma. Wapo ambao mguu unawaka zaidi, na hao hupewa mazoezi mengine.

La pili, kuitelezesha neva badala ya kuivuta. Nakaa kitini, nanyoosha goti huku nikiinua kidevu, nalikunja huku nikikishusha, polepole, bila kufika kwenye maumivu. Kabla ya hapo nilikuwa nalazimisha kugusa vidole vya miguu kwa ushauri wa video, kila asubuhi, na kila asubuhi nilikuwa najiumiza upya. Nilidhani msuli wa nyuma ya paja umekaza. Kumbe neva iliyokasirika ndiyo niliyokuwa naivuta kama kamba ya ndoo.

Sasa kasoro za kifaa chenyewe, maana kwa hizo nimekasirika kweli. Vibandiko vilipoteza gundi kabla ya mwezi kuisha; kuvipangusa kwa kidole chenye maji kunavirudishia uhai siku chache, basi. Kimoja kikiachia upande, umeme wote unajikusanya kwenye sehemu ndogo iliyobaki na unachoma kama mwiba. Zima kwanza, ndipo ubandike. Nyaya ni ndefu, zimenasa kwenye kitasa cha mlango mara mbili. Kibanio kilivunjika wiki ya tano. Na kuna kitufe kimoja tu cha kupandisha na kushusha, hivyo ukikigusa kimakosa ndani ya mfuko utaruka kama umekanyaga kaa la moto.

Niseme pia nililolisoma baada ya kununua: mwongozo wa NICE, taasisi ya Uingereza inayoshauri kuhusu tiba, tangu mwaka 2016 unawaambia madaktari wasitoe TENS kwa maumivu ya kiuno, yawe na siatika au yasiwe nayo. Mikanda ya mgongo nayo imo humo. (Nilikuwa nao pia. Ulinipa joto.) Na kuna hili la kunishusha zaidi: Uholanzi, mwaka 1999, wagonjwa 183 wa siatika waligawanywa, wengine walale kitandani wiki mbili, wengine waendelee na maisha. Baada ya wiki 12, asilimia 87 ya kila kundi walikuwa na nafuu. Mimi nilipata nafuu ya kweli kwenye wiki ya 11. Kwa hiyo siwezi kuapa kwamba kimashine kilifanya lolote zaidi ya kuniondoa kwenye kochi wakati mwili unajitengeneza. Kwangu hilo lilitosha. Nakipa nyota tatu kati ya tano, na vibandiko vyake nyota moja.

Jambo moja si la kusubiri wiki 12 wala kuliwekea kimashine chochote. Ukipata ganzi kwenye sehemu za siri na kuzunguka njia ya haja kubwa, ukashindwa kukojoa au kujizuia, au miguu yote miwili ikaishiwa nguvu, nenda hospitali saa hiyo hiyo, hata kama ni usiku. Hapo ni kifungu kizima cha neva kinachobanwa, na saa zinahesabika. Unyayo unaoanza kuburuzika nao uonwe haraka.

Leo natembea dakika 40 bila kufikiria. Kidole gumba bado kina ganzi kidogo kwenye ncha, na nikitaka kupiga chafya nimezoea kusimama wima na kushika kitu kwanza, familia inacheka. Kimashine kipo kwenye droo. Mwezi uliopita nilikitafuta kabla ya safari ndefu ya basi, nikakikuta hakiwaki. Betri zake nilikuwa nimezihamishia kwenye rimoti ya televisheni.