Kabati la kupiga mchanga kutoka kwenye friza bovu: miezi minne baadaye

Wadau, habari za saa hizi. Karibuni tena gereji, tupo palepale Mtwara, mtaa wa Majengo, na leo sijaleta kitu cha dukani. Leo nachambua kitu nilichokitengeneza kwa mikono yangu, na pale kinapostahili kusemwa vibaya nitakisema vibaya.

Hili jeupe hapa nyuma yangu, lenye mikono miwili ya mpira inayoning'inia kama mtu aliyezimia, lilikuwa friza la kuuzia samaki. Mashine yake ilikufa, mwenyewe akalipeleka skrepa, mimi nikalikomboa kwa elfu thelathini. Sasa hivi ni kabati la kupiga mchanga. Kwa asiyejua, unaweka chuma chenye kutu ndani, unafunga, unaingiza mikono kwenye glavu, unashika bunduki inayorusha chembe ngumu kwa nguvu ya hewa. Kutu inang'oka, rangi ya zamani inang'oka, na vumbi linabaki humohumo.

Kabla sijaongea sana, dogo, sogeza kamera hapa. Hii ni stendi kubwa ya bodaboda. Upande huu nimeupiga asubuhi hii, upande huu bado. Angalieni mpaka wake. Huku kuna magamba, nikipitisha kucha hivi, yanadondoka yenyewe. Huku chuma ni cha kijivu, hakina mng'ao, na ukikipapasa kinakwaruza kidogo kama ulimi wa paka. Mkwaruzo huo ndio rangi inaoutaka ili ishike. Upande huu umenichukua dakika saba. Kwa brashi ya waya ningekuwa bado nahangaika, na hapa kwenye kona ya kuchomelea brashi haifiki hata uilazimishe vipi.

Sasa kwa nini friza na siyo pipa? Pipa ni rahisi kupata, hilo sibishi. Lakini friza limekuja na mfuniko, mfuniko umekuja na mpira wake, na mpira ule umetengenezwa kuzuia hata ubaridi usitoke. Vumbi litapita wapi? Hiyo ni kazi ya siku nzima ambayo sikuifanya. Halafu mapipa mengi ya mtaani yalibeba petroli au dizeli. Ukiweka grenda kwenye pipa la namna hiyo, mvuke uliobaki ndani unaweza kulipuka. Ukiamua pipa, lioshe, halafu lijaze maji karibu na pale unapokata.

Friza nalo lina lake. Mabomba ya gesi yamepita ndani ya kuta, huyaoni. Soma kibati karibu na mashine. La kwangu limeandikwa R134a, gesi isiyowaka, na bomba lilikuwa limeshakatwa. Kama kibati chako kimeandikwa R600a, hiyo ni gesi inayowaka, usiguse grenda mpaka fundi friji aje akuhakikishie kwamba ni tupu.

Kujenga kwenyewe siyo hadithi ndefu. Mfuniko nimeukata dirisha, nikaweka kioo. Matundu ya mikono ni vipande vya bomba la PVC la inchi nne, glavu zimefungwa kwa klipu. Ile kapu ya waya ya friza lenyewe ndiyo sakafu, mzigo unakaa juu yake, chembe zinapita chini zinaangukia kwenye faneli ya bati, zinarudi kwenye ndoo, bunduki inazivuta tena. Hapo kwenye faneli nilikosea. Ya kwanza niliilaza kama paa la kibanda, chembe zikagoma kuteremka, nikawa kila baada ya dakika mbili napiga bati teke. Niliivunja nikaisimamisha zaidi. Ukitengeneza yako, isimamishe mpaka uone umezidisha.

Na hili bomba lenye mikunjo linalotoka ubavuni, watu wa mikorosho mmeshalitambua. Ndiyo, ni bomba la bloa, lile la kupulizia salfa shambani. Injini yake ilishakufa, bomba lilikuwa zima, linapinda unavyotaka. Nililiosha mara tatu, ndani na nje, kwa sababu unga wa salfa unashika moto. Linapeleka vumbi kwenye ndoo hii yenye mfuniko, hewa inazunguka humo, vumbi zito linadondoka chini, na mwisho kuna mashine ya kufyonza vumbi niliyoinunua mtumba. Bila kifyonzaji huoni kitu. Unapiga sekunde ishirini, ndani kunakuwa ukungu mtupu.

Haya, sasa tuje kwenye jambo lenyewe. Tunaita kupiga mchanga, lakini mchanga ndio kitu pekee nisichotaka ukiweke humu.

Najua mtaniambia nini, maana hapa gereji nimeshaambiwa sana. "Fundi, unaagiza chembe Dar wakati bahari ipo hapo Shangani, mchanga bure?" Ndugu zangu, kwanza ule mchanga una chumvi. Unaipigilia chumvi kwenye chuma, unapaka rangi juu, kutu inaanzia chini kwa chini. Hilo ni dogo. Kubwa ni kwamba chembe ya mchanga ikigonga chuma inapasuka na kuwa vumbi jembamba mno, jicho halilioni, linashuka mpaka mwisho wa mapafu na halitoki. Ugonjwa wake unaitwa silikosisi. Dawa ya kuuponya hakuna, na mwenye nao ni rahisi zaidi kupata kifua kikuu. Mmarekani mmoja, Benjamin Chew Tilghman, alipata hataza, yaani hati ya kumiliki ubunifu, ya kazi hii mwaka 1870. Waingereza wakaja kuupiga marufuku mchanga wa namna hiyo kwenye kazi hii mwaka 1949. Hapo katikati ni karibu miaka 80, hesabu mwenyewe ni mafundi wangapi walilivuta vumbi hilo.

Utasema kabati limezibwa. Limezibwa, lakini mfuniko utaufungua, ndoo utaimwaga, glavu itatoboka siku usiyoijua. Na ile barakoa ya kitambaa iliyobaki nyumbani tangu wakati wa korona haizuii vumbi hili. Mimi hata na chembe nzuri navaa barakoa ya chujio, hii hapa, na hii sikuiokota popote, nimeinunua mpya.

Ninachotumia ni oksidi ya alumini, ya kahawia, namba 80 kwa ukubwa wa chembe. Kilo 25, na usafiri wa basi kutoka Dar, iliniuma kuliko friza. Tena kifuko cha kwanza kilifika kimelowa, aliyeniuzia hakupokea simu tena. Lakini chembe hizi zinarudiwa mara nyingi, siyo kama mchanga unaopasuka mara moja ukaisha. Garneti nayo, chembe za jiwe gumu, inafaa, ukiipata.

Kwa vile mimi ni mtu wa kuokoteza, sikukubali kirahisi. Nilijaribu chupa. Nilizifunga kwenye gunia, nikazisaga kwa nyundo juu ya kipande changu cha reli ninachotumia kama fuawe. Mzee aliyenifundisha kazi ndiye aliyeniachia, na mwenyewe alikuwa anaapa kwamba kimetoka kwenye ile reli ya zamani ya mradi wa karanga, ya Mtwara na Nachingwea, iliyofungwa mwanzoni mwa miaka ya 1960. Tuyaache hayo. Kioo kinafanya kazi, kinang'oa rangi vizuri, na hakina ile silika ya fuwele kama mchanga, yaani madini yanayoleta silikosisi. Ila kinasagika haraka, na kuchekecha kunachosha. Nilipata ndoo moja kwa siku nzima, ikaisha kwa kazi mbili.

Halafu huyu dogo anayeshika kamera akaja na wazo. Alisikia kwamba Wazungu wanatumia maganda ya aina fulani ya njugu kusafishia vitu laini, akasema, si sisi tuna maganda ya korosho yamejaa? Nikaona ana akili. Jioni nikamwambia shangazi, yeye amebangua korosho tangu sijazaliwa. Hakunijibu, alininyooshea vidole vyake tu. Vyeusi kwenye ncha, ngozi imebabuka ikapona ikababuka tena, na hapo anapaka majivu kila anapokaa kubangua. "Haya mafuta unataka uyarushe kwa hewa, mwanangu? Yakuingie machoni?" Wazo likafia hapohapo.

Lakini yeye ndiye aliyeniambia nijaribu vifuu. Vifuu vya nazi, vikavu, vimetwangwa na kuchekechwa. Wadau, kwenye kabureta ni vitamu! Angalieni hii, ni alumini, laini, oksidi ingeila. Kifuu kimeondoa uchafu wote na herufi za kiwandani bado zinasomeka. Kutu hakigusi, usijidanganye. Ila kwa kabureta na makava ya injini, sirudi kwenye petroli na mswaki.

Sasa lawama. Ya kwanza ni hewa. Kompresa yangu ni ya hospawa mbili, tangi lita 50. Muuzaji atakusifia ukubwa wa tangi. Wewe muulize inatoa hewa kiasi gani kwa dakika, kwa sababu bunduki hii inakula kuliko kompresa inavyozalisha. Napiga kama dakika moja, presha inashuka kutoka 90 hadi 50, nguvu inakwisha, nasubiri. Niliongeza tangi la breki za lori kutoka skrepa, nikalijaza maji kwanza na kulipima kwa presha kubwa kuliko ninayotumia. Maji hayabanwi kama hewa, likipasuka linamwagika tu, halirushi vipande. Limesaidia kidogo. Kompresa bado inachemka, na kwa kazi ya kutwa nzima kabati hili halifai.

Ya pili ni unyevu, na hapa Mtwara mnaujua. Hewa yetu ina maji, ukiibana maji yanatoka, chembe zinagandana kama sukari iliyopigwa na mvua, bunduki inaziba. Dawa yangu ni hili bomba la shaba la kiyoyozi, nimelizungusha ndani ya ndoo ya maji. Hewa ya moto inapita, inapoa, maji yanajitenga, mtego hapa mbele unayakamata. Tangi nafungulia maji kila asubuhi. Leo kumetoka karibu kikombe.

Ya tatu itawachekesha. Wiki ya kwanza friza lilikuwa linanirusha. Siyo umeme wa Tanesco, ni ule unaotokana na chembe kusuguana na mpira. Unapiga kwa raha zako, mara paa! kwenye kiwiko. Dogo akasema friza lina jini la samaki. Sasa kuna waya unabana mzigo, unaunga bodi, unashuka kwenye nondo iliyochimbiwa ardhini. Jini limehama.

Na kioo, kinafifia. Kila baada ya wiki mbili tatu kinakuwa cheupe kama cha dirisha la bafuni. Ndani nimeweka kioo cha pili cha fremu ya picha, ndicho kinachokufa.

Jumla ni laki mbili, yaani friza, bunduki, glavu, kifyonzaji, na vikorokoro. Kompresa nilikuwa nayo, chembe na barakoa ni pembeni. Kama kazi yako ni vipuri vya pikipiki na vyuma vya boti kutoka Msanga Mkuu, tengeneza. Kama unataka kupiga rimu za gari foleni nzima, nunua kwanza kompresa kubwa, sanduku litafuata. Mimi ningerudia, ningepanua tu matundu ya mikono. Haya yamekaa karibukaribu, mabega yanauma.

Mengine niulizeni hapo chini, nitajibu usiku. Stendi hii lazima niimalizie upande wa pili na kuipaka rangi ya msingi leoleo. Mwezi uliopita niliacha moja ilale usiku mmoja bila rangi, asubuhi ilikuwa imegeuka kama imepakwa binzari, nikairudisha ndani kuanza upya. Na sasa hivi upepo wa baharini umeshaanza. Dogo, zima kamera, niletee brashi.