Msimu mmoja wa kutazama NBA kwa kulipia nikiwa Unguja: huduma yenyewe, na chipukizi watano ninaowaweka juu

Huduma ninayoizungumzia ni ya kulipia mtandaoni: inaonesha mechi za NBA, ligi kuu ya mpira wa kikapu ya Marekani, moja kwa moja, kisha inazihifadhi zote kwenye maktaba uzitazame utakapo. Jina lake naliacha. Nimeitumia msimu mzima wa 2024-25, Unguja mjini, kwa kazi moja tu ya kuwapanga chipukizi bora wa ligi. Chipukizi kwangu ni yule ambaye hakuwa ametimiza miaka 24 msimu wa 2025-26 ulipofunguliwa, Oktoba 21, 2025. Kwa kigezo hicho Anthony Edwards, Cade Cunningham, Evan Mobley na Jalen Williams wameshavuka, msiwatafute humu.

Kama shida yako ni mechi moja moja ya kuburudika, huduma hii ni ghali na saa zake zinachosha. Kama unataka orodha utakayoitetea barazani mbele ya watu wanaojua mpira wa kikapu, sijaona kinachoishinda. Lakini faida yake haiko kwenye matangazo ya moja kwa moja, iko kwenye maktaba.

Saa kwanza. Mechi nyingi za mashariki ya Marekani zinaanza saa 1 au saa 1 unusu jioni ya kwao. Kwetu, kuanzia Novemba mpaka mwanzoni mwa Machi, hiyo ni saa 9 au saa 9 unusu usiku. San Antonio na Houston wakiwa nyumbani mara nyingi ni saa 10, na adhana ya Alfajiri inakukuta robo ya pili haijesha. Za California zinaanza kumekucha. Halafu Wamarekani wanasogeza saa zao mbele na kila kitu kwetu kinarudi nyuma kwa saa nzima. Mwaka 2025 walisogeza Machi 9, Ramadhani imeshaanza: aliyezoea kuona robo ya kwanza akila daku, usiku uliofuata alikuta mechi iko robo ya tatu. Zinazofaa kutazamwa moja kwa moja ni za Jumapili mchana wao, ambazo kwetu zinaangukia kati ya saa 3 na saa 6 usiku, pamoja na zile chache zinazochezwa Ulaya.

Bando ndilo linalowavunja watu moyo, basi hesabu yake hii hapa. Picha safi kabisa inakula kama megabiti 5 kwa sekunde. Gawa kwa 8, zidisha kwa sekunde 3,600, unapata GB 2.25 kwa saa. Mechi pamoja na mapumziko yake inakwenda kama saa 2 na dakika 20, kwa hiyo ni zaidi ya GB 5 kwa mechi moja. Ukiishusha picha mpaka megabiti 1.5, mechi hiyohiyo inakula GB 1.6 hivi. Muhtasari wa dakika 10 kwa megabiti 3 ni MB 225 tu. Kosa la wengi ni kuacha ubora wa picha kwenye "otomatiki": mtandao unapokuwa mzuri usiku wa manane, watu wamelala, programu inapanda juu kabisa bila kukuuliza, na asubuhi bando halipo. Ingia kwenye mipangilio uchague mwenyewe. Ila usishuke chini sana. Kwenye kioo cha simu, picha ikishafifia husomi namba ya jezi ya mchezaji aliyesimama pembe ya mbali, na huyo ndiye mara nyingi unayepaswa kumtazama.

Umeme ukikatika, ruta inazimika na programu inapoteza mahali ulipofika. Ukirudi inakupeleka moja kwa moja kwenye dakika inayochezwa, matokeo yakiwa wazi mbele ya macho yako. Dawa ni betri ndogo ya akiba ya ruta. Soma kibandiko chini ya ruta kwanza: nyingi ni volti 12, baadhi ni volti 9, na betri ya volti isiyolingana inaweza kuiunguza ruta. Betri ya mAh 10,000 (hesabu hiyo ni kwa volti 3.7 za ndani) ina kama wati-saa 37. Toa zinazopotea njiani, zinabaki 30 hivi. Ruta inayokula wati 8 inakwenda zaidi ya saa 3 na nusu, mechi nzima na ziada.

Kitufe cha kuficha matokeo kiwashe siku ya kwanza. Hata hivyo kinavuja mahali pamoja: urefu wa video. Ukiona mechi moja ni ndefu kuliko nyingine zote za usiku ule, ujue imekwenda muda wa nyongeza, na robo ya nne haina tena utamu. Funika mstari wa dakika kwa kipande cha karatasi kama unatazama kwenye kompyuta.

Sasa kazi yenyewe. Maktaba inatoa kila mechi kwa namna tatu: nzima, iliyokatwa mapumziko, na muhtasari wa dakika 10. Muhtasari usimpangie mtu. Unaonesha mitupo iliyoingia na dunki (mpira kushindiliwa kikapuni kwa mkono), basi. Mchezaji aliyepoteza mpira mara sita na kumwachia mtu wake njia mara nane anatoka humo akiwa malaika. Inayofaa ni iliyokatwa mapumziko, na kwa mechi mbili au tatu za kila mchezaji, nzima.

Kwa kila chipukizi nilichukua mechi sita: mbili nyumbani, mbili ugenini, mbili dhidi ya timu zenye ulinzi mgumu. Daftari lina safu nne: anafanya nini na mpira, anafanya nini bila mpira, anamlinda vipi mwenye mpira pale mpinzani mwingine anaposimama kumziba njia, na anarudi vipi baada ya timu yake kupoteza mpira. Sauti nilizima. Watangazaji wa nyumbani wanamsifu wao hata akikosea, na sifa zao zinakuingia bila kujijua.

Hesabu ya ufanisi nayo ifanye mwenyewe, usitosheke na pointi. Chukua mitupo ya kawaida, ongeza mitupo huru ukiizidisha kwa 0.44, jumla izidishe kwa 2, kisha gawanya pointi kwa jibu hilo. Aliyefunga pointi 24 kwa mitupo 18 na mitupo huru 6: 6 mara 0.44 ni 2.64, ongeza 18 ni 20.64, mara mbili ni 41.28, na 24 gawa kwa 41.28 ni asilimia 58. Wastani wa ligi siku hizi unazunguka 57 na 58, kwa hiyo huyo ni wa kawaida, ingawa pointi 24 zinasikika nyingi.

Na namba ya drafti, yaani zamu ambayo kijana huchaguliwa na timu anapoingia ligi, isikutishe. Sisi Watanzania tuna sababu ya kulijua hili kuliko wengi: mwaka 2009 Hasheem Thabeet wetu alichaguliwa namba 2 na Memphis, na Stephen Curry akaondoka namba 7. Namba ya drafti ni matarajio ya siku moja.

Wa kwanza kwangu ni Victor Wembanyama wa San Antonio, na sioni wa kumkaribia. Mfaransa mwenye baba wa asili ya Kongo, kazaliwa Januari 2004. Msimu wa 2024-25 alipata wastani wa pointi 24.3, ribaundi 11 (mipira anayodaka baada ya mtupo kukosa) na bloku 3.8 (mitupo anayoizuia), kabla ya damu kuganda kwenye mshipa wa bega la kulia kumtoa uwanjani Februari, akiwa na mechi 46. Lakini kilicho kikubwa zaidi jedwali la takwimu halikioni. Tazama mechi nzima, acha kumfuata mwenye mpira, mtazame yeye tu akiwa chini ya kikapu. Mlinzi wa pembeni kaachwa, mshambuliaji yuko hatua mbili kutoka kikapuni, njia nyeupe. Anainua kichwa, anamwona Wembanyama kafungua mikono, na anaurudisha mpira nje. Hakuna bloku iliyoandikwa, hakuna kilichoandikwa popote. Kwenye daftari nimeweka alama kwa kila shambulizi lililorudi namna hiyo, na ndizo alama zilizojaza ukurasa wake.

Anayetaka kujaribu namna hii ya kutazama aanze na mechi mbili za Paris za Januari 2025 dhidi ya Indiana, zilizochezwa saa za kistaarabu kwetu, saa 4 usiku na saa 2 usiku. Ya kwanza San Antonio ilishinda 140-110, naye akafunga pointi 30. Siku mbili baadaye Indiana ikashinda 136-98. Wapinzani wale wale, uwanja ule ule. Ziangalie moja baada ya nyingine, mtazame anasimama wapi Indiana wanapokimbia, maana jedwali litakwambia tu kwamba pointi zimepungua.

Wa pili ni Amen Thompson wa Houston, na najua hapa ndipo watu watakapobisha. Kabla ya kutazama mechi nzima nilikuwa nimemweka wa tano. Pointi 14 kwa mechi hazimtetei mtu, na mtupo wake wa mbali bado dhaifu: walinzi wanampa hatua tatu nzima, wanakaa chini ya kikapu wakimsubiri. Angalia basi anachofanya na nafasi hiyo. Anaitumia kukata nyuma ya migongo yao, na mara kwa mara anapokea pasi akiwa tayari hewani. Upande wa pili wa uwanja, akiwa analinda, hakingiki: mpinzani mwingine akisimama kumziba njia, anapita kwa bega moja na hapotezi hata hatua. Mwaka 2025 aliingia kikosi cha kwanza cha walinzi bora wa ligi akiwa na miaka 22. Pacha wake Ausar yuko Detroit. Hakikisha unasoma jezi, hasa timu hizo zinapokutana.

Paolo Banchero wa Orlando ni wa tatu. Wastani wake wa pointi 25.9 ni mkubwa, ufanisi uko chini kidogo ya wastani wa ligi, na watu wanamhukumu hapo. Mimi simhukumu sana. Msimu ule Orlando ndiyo ilikuwa timu mbovu kuliko zote kwa asilimia ya mitupo ya pointi tatu, kwa hiyo kila alipoingia ndani alikuta watu watatu wamemsubiri, kwa sababu hakuna aliyeogopa kuwaacha wenzake. Safu ya kwanza ya daftari lake imejaa pasi nzuri zilizoishia kwenye chuma. Kinachomshusha chini ya Thompson ni safu ya nne, anachelewa kurudi.

Alperen Şengün, Mturuki, wa nne. Alichaguliwa namba 16 mwaka 2021 na sasa ni senta (mchezaji mrefu wa chini ya kikapu) anayepitisha mpira kama mwongoza timu. Pointi 19, ribaundi 10 na karibu asisti 5 (pasi zinazozaa kikapu) kwenye timu ya Houston iliyoshinda mechi 52. Kwenye ulinzi, wafupi wenye kasi bado wanamsumbua.

Chet Holmgren wa Oklahoma City ni wa tano kwa sababu ya mechi alizokosa tu. Alikosa msimu mzima wa 2022-23 kwa kuumia mguu, na 2024-25 alicheza 32 tu kwa sababu ya kuvunjika nyonga. Lakini kwenye mechi ya 7 ya fainali ya 2025 alizuia mitupo mitano, timu ikatwaa ubingwa. Akicheza mechi 65, Banchero ajihadhari.

Dyson Daniels wa Atlanta, aliyeiba mipira 3 kwa mechi, na Stephon Castle wa San Antonio wako nje ya mlango. Cooper Flagg, namba 1 ya 2025, sijampanga kabisa: hadi mwisho wa msimu nilioutazama hakuwa na dakika hata moja ya NBA. Vivyo hivyo Khaman Maluach wa Phoenix, kijana wa Sudan Kusini aliyekulia Uganda na kupitia akademi ya NBA Senegal. Huyo mechi zake nitazifungua kabla ya za mtu mwingine yeyote.

Kuhusu malipo: kadi ya mtandaoni ya kwenye simu ilikubali, mradi jina liandikwe kama lilivyo kwenye kadi na sehemu ya msimbo wa posta isiachwe wazi. Weka kwenye kadi kiasi kinachozidi bei kidogo, kwa sababu kubadilisha dola kuna makato na malipo yanayopungukiwa hata shilingi mia yanakataliwa yote. Huduma inajilipisha upya kila mwezi isipozimwa. Fainali inaisha Juni na ligi inarudi Oktoba. Zima kujilipisha mara baada ya fainali, lakini kwanza angalia kama maktaba inabaki wazi mpaka siku uliyolipia iishe. Yangu ilibaki kwa wiki tatu, na hizo ndizo nilizomalizia mechi za Holmgren.