Kadi za maneno ya hospitali: nimezilipia elfu kumi na mbili, nimeziongezea na kalamu nyekundu

Mwaka jana fomu moja ya bima ilirudi mezani kwangu na swali limeandikwa pembeni: "Figo ipi imetolewa?" Hakuna figo iliyotolewa. Mgonjwa alikuwa nazo zote mbili, kakaa benchi anakunywa uji. Alichofanyiwa ni kuwekewa mrija mgongoni wa kutoa mkojo kwenye figo, na daktari aliandika "nephrostomy" kwa ule mwandiko wao. Mimi nikachapa "nephrectomy". Herufi mbili tu, na mtu kapoteza figo kwenye makaratasi.

Nipo masjala ya hospitali ya binafsi hapa Dar, mwaka wa kumi na moja sasa, na utabibu sijausomea. Ndiyo maana nilipoziona hizi kadi kwenye kibanda cha kutolea kopi, Upanga, njia ya kuelekea Muhimbili, nilisimama. Ni kadi 120, ukubwa wa karata za kuchezea, zimepigwa plastiki. Mbele kuna kipande cha neno, nyuma kuna maana kwa Kiswahili na mfano mmoja. Hazina jina la mtungaji. Muuzaji aliniambia ni kazi ya wanafunzi, nami sikumhoji zaidi.

Zimepangwa kwa rangi: bluu viambishi awali, nyeupe mizizi, njano viambishi tamati. Nilicheka peke yangu, maana nilijiona nimerudi sekondari, kipindi cha Kiswahili, mwalimu anakatakata "anayempenda" ubaoni: a-na-ye-m-pend-a. Kumbe maneno yanayotutisha kwenye mafaili yamejengwa vilevile, ila vipande vyake ni vya Kigiriki na Kilatini. Kadi ya kwanza inakushauri uanzie mkiani. Ukiona -ectomy, kuna kitu kimekatwa kikaondolewa. Ukiona -ostomy, kimetobolewa tundu la kupitishia kitu. Ukiona -otomy, wamepasua tu. Laiti ningekuwa na hizo kadi tatu siku ya ile fomu!

Nilichopenda kuliko vyote ni maelezo ya herufi o. Kwa nini "gastroscopy" ina o na "gastritis" haina? Kadi inasema o ni gundi: tamati ikianza na konsonanti gundi inabaki, ikianza na irabu inaondoka. Mtu aliyezoea kusema kitabu lakini chakula, mtu lakini mwalimu, hilo halimpi shida hata kidogo.

Huwa nazisoma kwenye mwendokasi nikitoka Kimara, nikibahatika kupata siti. Siku moja kijana wa shule aliyesimama juu yangu alisoma kwa sauti "cholecystectomy", akaguna. Nikamwonyesha vipande: chole- nyongo, cyst- mfuko, -ectomy ushajua. "Kuondoa mfuko wa nyongo!" akasema, na abiria wawili wakageuka. Tulifika Magomeni tumeshapitia kadi kumi.

Na pale Kiswahili cha kadi kilipofuata Kiswahili cha watu, kimekaa vizuri sana. Hyper- wameandika "ya kupanda", hypo- "ya kushuka". Presha ya kupanda, sukari ya kushuka, ndivyo tunavyosema mitaani, na nani atasahau?

Sasa kalamu nyekundu. Kadi ya -itis nyuma imeandikwa "uvimbe". Kadi ya -oma nyuma imeandikwa "uvimbe". Basi, hakuna neno la ziada. Hebu nenda kamwambie mama mmoja wa Temeke kwamba mwanawe ana uvimbe kwenye ini. "Hepatitis" ni homa ya ini. "Hepatoma" ni saratani ya ini. Familia moja itauliza dawa, nyingine itaanza kupigiana simu usiku kucha. Najua -itis haina neno moja la Kiswahili lililozoeleka, lakini wangeweza kueleza tu: mahali pamekuwa pekundu, pana joto, pamevimba, panauma. Alama hizo nne Mrumi mmoja, Celsus, alishaziandika tangu karne ya 1. Wangeongeza pia kwamba si kila -itis ni maambukizi ya vijidudu, na si kila -oma ni saratani: "lipoma" ni donge la mafuta, watu wanaishi nalo miaka, na "hematoma" ni damu iliyojikusanya tu. Nafasi nyuma ya kadi ilikuwapo, nimepima kwa rula.

Kuna na kosa la wazi. Ile- na ili- zote zimeandikwa "utumbo". Hapana. Ile- ni sehemu ya mwisho ya utumbo mwembamba, ili- ni mfupa wa nyonga. Kwa mtu wa masjala hiyo ni fomu nyingine ya kurudi. Halafu nephr- na ren- zote ni "figo", ambayo ni sahihi, ila hawasemi kwamba moja ni ya Kigiriki na nyingine ya Kilatini, kwa hiyo unabaki ukitafuta tofauti isiyokuwapo.

Lililoniuma kidogo ni kadi tano za mwisho, za "asili ya majina ya magonjwa". Wameweka malaria, hewa mbaya kwa Kiitaliano, sawa. Chikungunya hawakuiweka! Ugonjwa ambao mlipuko wake uliotambuliwa kwanza ulikuwa 1952, huku kwetu kusini, na jina lake ni la Kimakonde, la mtu kujikunja kwa maumivu ya viungo. Kwenye chumba chetu cha mafaili yupo dada wa Newala. Nilimwuliza, akainama, akashika magoti, akatembea hivyo hadi mlangoni. Nimeandika kadi ya 121 mwenyewe.

Bei ilianza elfu kumi na tano, tukamalizana kwa kumi na mbili. Kama una kazi kama yangu, au una mtoto anayeingia chuo cha uuguzi, nunua, ila kwanza rekebisha hizo nne nilizozitaja. Na nenda na mpira wako wa kufungia. Wanakupa mmoja, wangu ulikatika kabla sijafika kituoni.