ClamAV kwenye laptopu ya kazi: miezi minane ya matumizi mpakani Malaba

Ofisi yetu ya uwakala wa forodha iko Malaba, upande wa Uganda, na ina kompyuta tano: nne za Windows, na ya tano, ambayo ni yangu, ni laptopu ya zamani yenye RAM ya GB 4 inayotumia Ubuntu, mfumo wa aina ya Linux. Bosi alipoagiza kila kompyuta ya kazi iwe na antivairasi, na papo hapo akasema hakuna fedha za leseni, wenzangu hawakuwa na la kufanya, maana Windows huja na Defender yake. Kazi ya kutafuta ikaniangukia mimi peke yangu.

Machaguo yenyewe ni machache kuliko nilivyotarajia. Sophos, iliyokuwa na toleo la bure la Linux, iliachana nalo. ESET ilisitisha mwaka 2022 toleo lake la NOD32 la kompyuta za Linux, ambalo hata hivyo lilikuwa la kulipia, na ile ya Comodo imekaa miaka mingi bila kufanyiwa kazi. Rkhunter na chkrootkit zipo na ni za bure, ila kazi yake ni kutafuta rutikiti, yaani programu hasidi zilizojificha ndani kabisa ya mfumo, wala hazitakuambia lolote kuhusu ankara uliyotumiwa kwa barua pepe. Jambo jingine ambalo watu hulipuuza ni kwamba programu nyingi za bure huruhusiwa kwa matumizi ya nyumbani tu, na ofisi ikizitumia inavunja masharti. ClamAV, antivairasi niliyoichagua, haina kikwazo hicho: imetolewa chini ya leseni huria ya GPL toleo la 2, inayoruhusu hata ofisi kuitumia, na inaendelezwa na kitengo cha Talos cha kampuni ya Cisco, ambayo iliipata mwaka 2013 iliponunua kampuni ya Sourcefire.

Kabla ya kuisifu au kuilaumu, ni vyema kufahamu inamkinga nani. Virusi vingi vinavyozunguka katika ofisi za mpakani vimetengenezwa kwa ajili ya Windows, na kwenye Ubuntu haviwezi kujiendesha vyenyewe. Lakini mimi nikipokea faili lenye virusi na kumpelekea mwenzangu wa meza ya pili, nimekuwa daraja. Wiki ya tatu baada ya kuiweka programu hii, dereva aliyetoka Mombasa alileta flashi yenye hati za shehena. Kwenye kompyuta ya mwenzangu zilionekana njia za mkato tupu, zenye majina ya folda na alama ya mshale mdogo pembeni. Kwangu, kwa kuwa Linux haijali ile alama ya kuficha faili inayotumiwa na Windows, folda halisi zilionekana wazi zikiwa sambamba na hizo njia za mkato. Niliiendesha clamscan, amri ya ClamAV ya kukagua mafaili, juu ya flashi hiyo, na neno FOUND (yaani kirusi kimepatikana) likajitokeza mbele ya mafaili mawili. Nilinakili hati peke yake, nikaifomati flashi, na lori likaendelea na safari yake.

Sasa gharama zake, kwa maana bure hii ina bei. Clamscan hupakia hifadhidata nzima ya saini, yaani alama za kutambulisha virusi, kila inapoitwa, hivyo kwenye laptopu yangu hupita karibu nusu dakika kabla haijagusa faili la kwanza, hata kama faili lenyewe ni moja. Dawa yake ni clamd, sehemu ya ClamAV ambayo hubaki macho wakati wote ikiwa na saini zote tayari, lakini kwangu ilikula zaidi ya GB 1 ya RAM, na hifadhidata inaposasishwa hushika ya zamani na mpya kwa pamoja kwa muda, isipokuwa ukizima mpangilio wa ConcurrentDatabaseReload. Niliijaribu kwa siku mbili. Kivinjari kikawa kinajikokota, nami nikaizima.

Upande wa bando, mara ya kwanza freshclam, programu inayosasisha hifadhidata ya saini, ilinishushia zaidi ya MB 200, na baada ya hapo huleta mabadiliko ya siku tu, ambayo ni madogo. Kwetu sisi tunaolipa ushuru wa asilimia 12 juu ya data tangu Julai 2021, nashauri upakuaji huo wa kwanza ufanywe mahali penye Wi-Fi, kisha idadi ya ukaguzi wa kila siku ipunguzwe katika faili la mipangilio.

Imenikwaza pia katika makro za Excel, yaani amri ndogo zinazojiendesha ndani ya faili. Kwa kawaida ClamAV haipigi kelele kwa sababu tu faili lina makro. Ukitaka ifanye hivyo ni lazima uiamuru. Nilipoiamuru, ikaanza kulishtaki jedwali letu wenyewe la kukokotoa ushuru, lisilo na kosa lolote, kila siku asubuhi. Mafaili ya zip yenye nywila nayo haiwezi kuyafungua, na hayo ndiyo wajanja wa barua pepe wanayoyapenda. Kwa jumla inategemea saini za virusi vinavyofahamika, kwa hiyo kirusi kilichozaliwa jana kinaweza kupita bila kuguswa.

Anayetaka kuhakikisha kwamba inafanya kazi asitafute virusi vya kweli. Lipo faili la majaribio la EICAR, lenye herufi 68 tu, ambalo halidhuru chochote na ambalo antivairasi karibu zote zimekubaliana kulitambua. Langu lilikamatwa mara moja. Asiyependa kuandika amri kwenye terminali anaweza kuweka ClamTk, inayompa dirisha na vitufe vya kubofya, ingawa mimi naona amri moja inatosha.

Kwa hiyo nimebaki na mpango huu: freshclam mara mbili kwa siku, clamscan juu ya folda ya vipakuliwa kabla sijamtumia mtu faili, na juu ya kila flashi, hata ya bosi. Sijaweka kipengele cha kufuta chenyewe, kwa sababu hati ya mteja ikifutwa kimakosa hakuna wa kunirudishia. Nikipewa laptopu ya GB 8 nitaiwasha clamd siku hiyo hiyo. Kwa hii niliyo nayo, hapana.