Nimeng'oa gego Kisumu: siku ya tatu ndiyo iliyonitoa machozi

Gego langu la chini, upande wa kushoto, lilikuwa limeoza likabaki gamba. Nililibembeleza kwa Panadol miezi miwili, mpaka usiku mmoja likanikesha. Kulipokucha nikapanda tuktuk kutoka Kondele hadi kliniki moja ya meno katikati ya mji. Jina lake nalihifadhi, maana nina la kusifu na la kulaumu.

Kwa kung'oa, kongole. Walipiga eksirei ndogo, wakanidunga ganzi, na sindano hiyo ndiyo pekee iliyouma. Punde nusu ya mdomo ikawa kama ya mtu mwingine. Daktari akaniambia, "Utasikia nikisukuma, lakini uchungu hapana. Ukiuma, inua mkono." Sikuinua. Nilichosikia ni mlio, kama mtu anavunja muwa sikioni mwangu. Nikamkumbuka nyanya, aliyeng'olewa meno sita ya mbele ya chini akiwa msichana, kama ilivyokuwa desturi ya Waluo enzi hizo, na ganzi hakuna. Nikaona haya jinsi nilivyoking'ang'ania kiti. Nililipa shilingi 2,000, eksirei ikiwemo.

Lawama zangu zinaanzia mlangoni. Nilipewa shashi niiume nusu saa, vidonge vya ibuprofen, na "pole, usile vya moto." Wakaita mwingine. Hakuna aliyenieleza kwamba damu ikiganda kwenye lile shimo, donge hilo ndilo kifuniko cha kidonda. Basi nikatema mate njia nzima, kwa sababu damu kidogo ikichanganyika na mate hutisha ukadhani unaisha. Jioni nikanywa soda kwa mrija. Usiku jirani akaniletea maji ya chumvi, nami nikasukutua kwa nguvu zangu zote.

Siku mbili nikatamba. Ya tatu, uchungu ukapanda mpaka sikioni, mdomo ukanuka, na kwenye kioo nikaona shimo tupu lenye weupe wa mfupa. Ibuprofen haikufua dafu.

Nikarudi. Daktari alichungulia mara moja tu: donge limetoka, mfupa uko wazi. Nilitaka antibiotiki, akakataa, akasema hapakuwa na usaha wala uvimbe. Akaosha shimo, akalijaza dawa yenye harufu ya karafuu, na kabla sijafika stendi nilikuwa mtu tena. Aliibadilisha mara mbili wiki hiyo bila kunitoza senti, na hapo nampa heko.

Nyota tatu kati ya tano. Mbili nimezikata kwa maneno ya dakika moja ambayo sikuambiwa: siku ya kwanza usiteme, usivute mrija wala sigara, usisukutue, maji ya chumvi ya vuguvugu yaanze kesho yake, tena taratibu.

Nilishinda kwa uji uliopoa siku sita. Ngege na ugali nimevirudia juzi, natafunia kulia.